Fundi Juu ya Keria

Magodoro ndiyo yaliyoanza kumharibia Fundi Kimya siku. Alipofika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sanduku la spana begani, mkewe nyuma akimbebea begi la nguo, aliikuta pikapu ya klabu imeshindiliwa magodoro mpaka kupita kichwa cha gari. Juu ya magodoro kulikuwa na katoni za maji, na juu ya katoni mabunda ya fulana mpya za safari. Akatafuta kwa macho mahali pa kukaa mtu. Hapakuwa na nafasi hata ya kuku.

Nafasi hiyo alikuwa ameiota wiki tatu nzima. Mwenyekiti wa klabu, mstaafu wa benki mwenye ndevu nyeupe na miguu ya kijana, alimfuata mwenyewe kibandani akamweleza: watu thelathini na mmoja wanakwenda na baiskeli hadi ziwani, siku sita njiani, wanahitaji fundi. Atakaa kwenye pikapu na zana zake, kazi yake ni kushuka panapoharibika kitu. Tena, kama safari itakwenda salama, klabu ina chumba pale getini, cha tofali, chenye mlango na kufuli. Atapewa afanyie kazi humo. Fundi Kimya hakulala siku hiyo kwa furaha, kwa sababu kibanda chake cha mabati kilikuwa kimeshapigwa alama nyekundu na watu wa barabara, na mwisho wa mwezi kilikuwa kinabomolewa. Baada ya hapo hakujua angewatia wapi wateja wake, wala watoto wake wawili wangekula nini.

Mwenyekiti alimjia akitabasamu, anasukuma baiskeli ya kijani.

"Fundi, gari limejaa, unaona mwenyewe. Mbele yuko dereva na nesi. Wewe tumekuazimia hii. Ina keria nzuri, utafunga sanduku lako hapo. Na utakuwa wa mwisho, uwe unatuokotea walioharibikiwa."

Waliokuwa karibu wakapiga makofi, na walipiga kwa moyo mweupe. Fundi Kimya akaishika ile baiskeli kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Akashukuru. Kijasho chembamba kikamtoka mgongoni na jua lenyewe halijatoka.

Tuseme wazi, maana lilifichwa miaka kumi na minne: Fundi Kimya hakujua kuendesha baiskeli. Kuitengeneza, huyo ndiye mwenyewe. Alikuwa anaweza kulifungua gurudumu mpaka gololi ya mwisho na kulirudisha huku anazungumza na mtu. Lakini homa ya utotoni ilimwachia sikio moja tu linalosikia, na ililiondoa lile la kushoto pamoja na kitu kingine ndani ya kichwa, kile kinachomwambia mtu chini ni wapi. Akipanda na kushika usukani, ardhi inalala ubavu, naye anaifuata. Alijaribu utotoni, akajaribu ukubwani, akaanguka kote kote. Kisha akawa fundi, na nani atamuuliza fundi wa baiskeli kama anajua kupanda baiskeli?

Aliyejua ni mkewe, na bila yeye kazi isingekwenda. Kila baiskeli iliyopona pale kibandani aliipanda mama watoto, akaenda nayo mpaka kona ya mashine ya kusaga, akageuka, akarudi. "Inasemaje?" mumewe anauliza, kichwa amekigeuzia upande wa sikio zima. Naye anamwambia: inavuta kushoto, pedali inagonga, breki ya nyuma inachelewa kidogo. Mume anarudi chini na spana. Hivyo ndivyo walivyopata sifa ya kuwa kibanda ambacho baiskeli hairudi mara mbili. Sifa zote alibeba mume. Wateja walimwona yule mama akizunguka wakadhani anajifurahisha, na wengine walilalamika kwamba anachakaza matairi ya watu.

Sasa walisimama wawili nyuma ya msafara, mume amevaa fulana ya njano aliyopewa, mke na gauni la nyumbani na kandambili. Filimbi ikalia. Mwenyekiti akatangaza kwamba simu zote ziwekwe kwenye begi la nesi, hataki mtu ajipige picha akiendesha. Wakaondoka kwa kengele na vicheko, pikapu mbele. Wa mwisho alikuwa Mwalimu, mwanamke wa makamo, mjane, aliyefundisha watoto wao wote wawili. Alimpungia mkono Fundi Kimya akamwambia asichelewe.

"Nakuja, Mwalimu, nafunga sanduku tu," akajibu.

Uwanja ukabaki na vumbi lao. Mama watoto aliweka begi chini.

"Mwambie Mwenyekiti unaumwa," akasema.

"Nikiumwa leo, nani atanipa chumba kesho?"

"Mwambie kweli basi."

Mume alianza kuisukuma baiskeli kwa miguu kuelekea barabarani, kana kwamba angeisukuma hivyo hivyo mpaka ziwani. Mkewe akamtazama mgongo, ile fulana ya njano iliyomzidi mabega, na huruma na hasira vikamjia pamoja. Akamfuata, akamnyang'anya usukani.

"Panda nyuma."

"Mbele za watu?"

"Watu wako wapi? Wamekwenda. Panda, baba watoto, kabla sijabadili mawazo."

Akapanda. Sanduku la spana alilipakata, begi akalivaa mgongoni, akafumba macho kwa sababu macho yakiwa wazi kizunguzungu kilimpata hata kama abiria. Mkewe akajifunga mtandio kiunoni, akakanyaga pedali, baiskeli ikayumba mara mbili ikanyooka. Kabla hawajavuka daraja alikuwa ameshampigia simu binti yao mkubwa: apike, amlishe mdogo wake, wakalale kwa mama mdogo, yeye amepata safari. Binti akauliza safari ya nini. Ya baiskeli, akajibiwa, na kule upande wa pili kikasikika kicheko kirefu.

*

Barabara ilikuwa tambarare, na kwa kilomita za mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Palipoinuka walishuka wakasukuma. Mpango waliupanga hapo hapo juu ya keria: wakikaribia kituo mama watoto anabaki nyuma ya kona, mume anamalizia kwa mbio huku anaisukuma baiskeli, anafika anahema kama walivyohema wengine. Wakiondoka, anawaacha watangulie. Kesho je? Ya kesho hawakuyazungumza.

Kituo cha kwanza kilikuwa kilomita ya kumi na tano, kwenye uwanja wa ghala lililofungwa. Fundi Kimya aliingia anakimbia kando ya baiskeli, jasho linamtiririka kihalali kabisa, na hadithi ya pancha mdomoni. Wenzake walikuwa wameshakunywa maji na kunyoosha miguu.

"Fundi, kumbe kazi yako kutengeneza tu, kuendesha mtihani," mmoja akamtania, na wote wakacheka.

Naye akacheka. Alicheka sana kuliko wote, mpaka nesi akamwangalia mara mbili na kumpa chupa ya maji.

Hapo ndipo Mwalimu alipomjia na baiskeli yake. Hakuja kulalamika, hakuwa mtu wa malalamiko. Alisema tu kwamba akikaza mwendo anahisi usukani unamtetemekea mikononi, labda ni barabara, labda ni uzee. Fundi Kimya akaliangalia gurudumu la mbele. Baiskeli hiyo aliijua. Alhamisi iliyopita ilikuwa mikononi mwake, gurudumu la mbele limepinda baada ya kuingia shimoni. Aliligonga, akalinyoosha, akabadilisha spoku nne. Siku hiyo hiyo mteja mmoja, mshona viatu wa jirani, alikuwa amekaa pale anapiga soga, akamuuliza mbele ya watu kama mshahara huwa anagawana na mkewe nusu kwa nusu, maana haonekani kuamini kazi yake mpaka mke aseme. Watu walicheka. Maneno yale yalimwingia. Mkewe alipokwenda kuteka maji, Mwalimu alitokea, naye akaifuta baiskeli kwa kitambaa akampa, iko tayari, bila mtu kuipanda hata hatua moja.

Sasa akachuchumaa, akatoa spana, akakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

"Ipande kidogo uisikie," Mwenyekiti akamwambia kutoka pembeni. "Zungusha hapo uwanjani."

Macho yote yakamgeukia. Uwanja ulikuwa mdogo, wa changarawe, na palikuwa na watu thelathini na mmoja wenye fulana za njano.

"Haina haja," akasema. "Imekaa sawa."

Mwalimu akamshukuru. Alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma.

*

Fundi Kimya alivumilia kilomita tano hivi juu ya keria. Mkewe alikuwa anahema, gauni limemganda mgongoni, kandambili moja imekatika na ameifunga kwa kipande cha tyubu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali.

"Mbele kuna nini?" akauliza mume.

"Mbele wapi?"

"Huko wanakokwenda. Baada ya kula."

Mama watoto alisema dereva alikuwa akieleza asubuhi. Chakula wanakula kituo cha mafuta juu ya kilima, kisha ni mteremko wa kona kona mpaka bondeni, kilomita nne. Vijana walikuwa wanausubiri kwa hamu, watateremka bila kukanyaga pedali.

Fundi Kimya akafumbua macho. Kizunguzungu kikamjia, hakujali.

"Simama," akasema. Kisha akaeleza yote, ya Alhamisi na ya pale ghalani, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

Mkewe alisimamisha baiskeli katikati ya njia. Hakugeuka.

"Umemwambia iko sawa bila mtu kuipanda?"

"Ndiyo."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Kwa sababu mshona viatu alicheka."

Mama watoto alibaki na mguu mmoja chini. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu miaka kumi na minne, kuhusu watu wanaomwita mchakaza matairi huku mume wake anatazama kando, lakini muda haukuwepo, na hilo lilimkasirisha zaidi. Akampa simu ampigie Mwenyekiti. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tena, ndani ya begi la nesi, katikati ya simu nyingine thelathini.

"Shikilia," mkewe akasema.

Alikanyaga kama hajawahi kukanyaga. Mume nyuma alikuwa anahesabu pumzi zake, anajua kila moja anaitoa kwa ajili ya kosa lake yeye. Kilima kilipoanza alishuka akasukuma, mke juu ya baiskeli, mume nyuma amesimika viganja viwili kwenye keria, anakimbia na sanduku begani linampiga mbavu. Walivyokuwa wanapanda alifikiria ile kona ya mwisho, mahali alipotakiwa kumwacha mkewe nyuma ya mti na kumalizia peke yake. Aliiona inakuja. Mkewe naye aliiona, akapunguza mwendo, tayari kushuka.

"Usishuke," akasema Fundi Kimya. "Tambarare hii hapa. Napanda."

"Watakuona."

"Wanione."

Ndivyo walivyoingia kituo cha mafuta saa saba mchana: mama mwenye gauni la nyumbani anaendesha, na nyuma yake, miguu inaning'inia, sanduku amelipakata, fundi wa msafara. Watu walikuwa wameshavaa kofia zao. Mwalimu alikuwa wa nne kwenye mstari, mguu mmoja juu ya pedali. Kicheko kikapasuka. Mtu akasema fundi amekodi bodaboda. Mwingine akaenda kuomba simu yake kwa nesi apige picha. Fundi Kimya alishuka akatembea katikati yao, masikio yanawaka moto, lile zima na lile bovu, akaenda akaweka mkono juu ya usukani wa Mwalimu.

"Shuka, Mwalimu. Usiende na hii."

"Si ulisema iko sawa?"

"Nilisema uongo. Sijui kama iko sawa. Mimi siwezi kuendesha baiskeli, sikuwahi kuweza. Anayejua kama baiskeli imepona ni mke wangu, na hii sikumpa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliwahi kusikia mengi kwa miaka yake ya benki, lakini hilo hakuwa amelisikia. Mama watoto aliichukua baiskeli kutoka kwa Mwalimu. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Akaipeleka taratibu mpaka mwisho wa kituo, akageuka, akarudi kwa kasi, na alipopita mbele yao walimwona amekaza mikono. Akafunga breki.

"Si nati," akamwambia mumewe, peke yake, kama vile wako kibandani. "Inatetemeka kutoka chini. Nikifunga breki inalia, hapa mbele. Kama kitu kinafunguka."

Fundi Kimya akaigeuza baiskeli miguu juu, akafungua gurudumu, akafuta vumbi kwenye uma unaolishika. Pale uma unapoingia kwenye fremu palikuwa na ufa. Ulizunguka zaidi ya nusu ya chuma, mwembamba kama unywele. Kama uma huo ungefika bondeni mzima au usingefika, hakuna aliyetaka kulijadili. Mwalimu aliinama akauangalia, akakaa chini kwenye ukingo wa saruji, akaomba maji.

Mwenyekiti alimvuta fundi pembeni. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alisema alimwamini mtu akampa roho za watu thelathini na mmoja. Fundi Kimya hakujitetea. Alisema kosa ni lake na chumba anajua kimekwenda, yeye na mkewe watatafuta usafiri wa kurudi. Baiskeli ya kijani apewe Mwalimu aendelee na safari, hiyo mama watoto amekuja nayo tangu mjini na ni nzima.

"Na zilizobaki?" akauliza Mwenyekiti.

"Zipi?"

"Nyingine hizi. Ulizitengeneza wewe nyingi."

"Zote mke wangu alizipanda, isipokuwa hiyo moja. Hizo ambazo sikuzitengeneza mimi, sijui."

Mwenyekiti alitazama ule mstari wa baiskeli zilizoelekea mteremkoni. Kisha akatazama pikapu na magodoro yake. Alisimama hivyo muda mrefu kidogo, akazikuna ndevu, halafu akamwita dereva. Fulana mpya ziligawiwa, kila mtu akafunga yake kiunoni. Maji yalinywewa na kumwagiwa vichwani. Magodoro mawili yalifungwa juu ya kichwa cha gari, na baiskeli mbovu ya Mwalimu juu yake. Ikapatikana nafasi ya watu wawili, ile ile iliyokosekana asubuhi kwa mtu mmoja.

Wakateremka bondeni taratibu, breki mkononi, kwa amri. Mama watoto hakuuona mteremko. Alilala juu ya godoro kabla ya kona ya kwanza, kinywa wazi, na mumewe alimvua ile kandambili iliyofungwa tyubu, akamshika mguu uliovimba, akakaa nao hivyo mapajani mpaka mwisho wa safari ya siku hiyo.

*

Walilala kwenye shule. Jua lilikuwa bado lina saa nzima ya kuwaka walipofika, na watu walikuwa wanatandika magodoro madarasani, wanasugua miguu, wanatafuta bafu. Wa kwanza kuja alikuwa yule yule aliyesema fundi amekodi bodaboda. Alikuja na baiskeli yake, hakumtazama fundi usoni.

"Mama," akasema, "samahani. Unaweza kunipandia na hii kidogo?"

Mama watoto alikuwa amekaa barazani, miguu ndani ya ndoo ya maji. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameshafungua sanduku.

Akainuka. Akaizungusha uwanja wa shule, mara moja, akarudi. Fundi Kimya akamgeuzia kichwa upande wa sikio zima, mbele za watu wote, akauliza kwa sauti yake ya kila siku: inasemaje? Akaambiwa cheni imelegea. Akakaza. Wa pili akaja, na wa tatu, kisha ukawa mstari. Mama watoto alizunguka ule uwanja mpaka akaacha kuhesabu, na kila aliporudi walimsikiliza wawili, mwenye spana na mwenye baiskeli.

Karibu na mwisho alisimama Mwenyekiti. Baiskeli yake ilikuwa ya bei mbaya na siku zote alijisifu kwamba haijaguswa na fundi. Mama watoto aliipanda, akarudi, akasema haina neno. Mwenyekiti akaipokea, akaanza kuondoka, akageuka.

"Ule ufunguo wa chumba," akasema, anamwangalia mke na siyo mume, "tukirudi mje muuchukue wote wawili. Sitaki kumpa mtu mmoja."

Akaondoka bila kungoja shukrani.

Wa mwisho kabisa alikuwa Mwalimu, anasukuma ile ya kijani. Alisema imekwenda vizuri mchana kutwa, lakini afadhali isikike. Mama watoto akaipanda kwa mara ya mwisho siku ile, polepole, miguu inamuuma, mwanga unapungua. Alichukua muda kuliko kwa zote. Mumewe alisimama anasubiri, spana mkononi.

"Inasemaje?"

Mkewe alishuka, akamkabidhi usukani.

"Inasema haina neno, ila siku nyingine ukipanda keria yake ukae nyuma zaidi. Unanibana mgongo."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Fundi Kimya aliinamisha kichwa juu ya gurudumu asionekane anavyolia, akawa anatafuta kitu cha kukaza, na hapakuwa na kitu kilicholegea.